Kitobo kwa Kitobo

Hakuna aliyekufa. Hilo ndilo lililonitia aibu.
Mume mzima, watoto wanasoma, paa halivuji,
na mimi saa nane za usiku nimekaa kitako,
moyo unatwanga kama mchi wa jirani asiye na haya.

Wakaniuliza, umeona nini?
Sikuona kitu.
Mama mkwe akanitengenezea kombe la zafarani,
nikanywa, likanipoza koo, nikamshukuru.
Usiku ule ule nikaamka tena
nahesabu madeni ya kikoba,
na madeni yenyewe ya watu wengine.

Hospitali ya Wete, chumba cha mwisho, mlango wa kijani.
Nesi Asaa hakuniuliza ni jini gani.
Alikifungua kiganja changu, akaweka kokwa ya kungu.
“Ndani ya kichwa mna kitu hakizidi hiki.
Ndiye mlinzi. Kazi yake kubweka.
Wako, Bi Mize, kazi anaijua.
Asilolijua ni kulala.”

Kisha akasema: kaa.
Vuta pumzi, itoe, hesabu moja.
Ukifika kumi, rudi mwanzo.
Ukipotea usijigombeze. Rudi.

Nikacheka, Mola anisamehe, mbele ya wagonjwa wenzangu.
Kuhesabu? Mimi?
Mimi niliyeshikishwa sindano nina miaka tisa,
niliyetoboa kofia za maharusi na za mahakimu,
vitobo hata macho yakaingia ukungu?
Kama dawa ni hesabu
ningelikuwa nimepona kabla sijaugua.

Ila nilipokaa mkekani, bila uzi, bila kitambaa,
ndipo nikajua: miaka yote mikono ilihesabu,
mwenyewe sikuwapo.
Vidole viko Wete, akili iko Tanga,
au jikoni, au Kiyama.

Moja. Mbili. Ya tatu nikawaza unga.
Moja.
Mbili, na bomba la Bi Time linadondoka,
nikawaza bili, nikawaza alivyonijibu mwaka juzi,
nikamjibu leo, vizuri zaidi, nikaushinda ugomvi,
watu wakanipigia vigelegele,
nikakumbuka.
Moja.

Siku arubaini sikuifikia kumi.
Nesi akasema, kumi si mali,
mali ni kule kurudi.
“Ile njia ya mkato ya Bopwe, nani aliichonga?
Hakuna. Ni nyayo tu.
Majani yalichoka kukanyagwa, yakapisha.
Na ubongo nao una nyasi zake.”

Sijui. Ubongo wangu sijauona.
Ninachokijua ni cha Jumatano ile:
Mbarouk amemwaga chai juu ya kofia ya miezi minne,
imebaki kifuniko tu,
ya mteja wa Mombasa aliyekwishalipa nusu.
Mkono ukanyanyuka.
Naujua mkono ule, ulikuwa wa mama.
Mlinzi akabweka.
Na baina ya kubweka na kofi
palikuwa na kitobo.
Kidogo, cha kupita ncha ya sindano.
Nikapitisha pumzi.

Mkono ukashuka, ukaichukua kofia, ukaikamua.
Mtoto bado amefumba macho, anangoja.
Nikamwambia, lete maji.
Akafumbua jicho moja kwanza.

Vidonge vingali juu ya kabati, nusu asubuhi, nusu jioni,
na nesi hajaniambia niviache.
Saa nane nayo haijanisahau;
huja, hunita kwa jina.
Siku hizi simkimbii mgeni. Namsogezea mkeka,
anakaa, nakaa,
na mara nyingine yeye ndiye anayetangulia kusinzia.

Doa halikutoka lote.
Mteja aliigeuza kofia, akaitazama juani,
akalipa, hakuliona.
Mimi naliona.
Moja.